Kikosi cha 139: Eropleni za Vita Zilizoitwa Jamaica

Katika Jeshi la Anga la Uingereza vikosi vya eropleni hutajwa kwa nambari. Lakini mtu akiisoma orodha ya vikosi vilivyopigana katika Vita Kuu ya Pili, yaani vita vya mwaka 1939 hadi 1945, ataona kwamba baadhi ya nambari hizo zimefuatwa na jina la nchi. Kikosi cha 44 kiliitwa Rhodesia. Cha 218 kiliitwa Gold Coast, nchi ambayo tangu mwaka 1957 yaitwa Ghana. Cha 91 kiliitwa Nigeria, na cha 74 Trinidad. Majina hayo hayakutolewa kwa kupendeza masikio tu. Yalitolewa kwa kuwa watu wa nchi hizo walikuwa wametoa fedha, au watu, au vyote viwili.

Makala hii yaeleza habari za kimoja katika vikosi hivyo, nacho ni Kikosi cha 139, kilichoitwa Jamaica. Tumekichagua kwa sababu ndani ya habari zake mna jambo lisilosimuliwa sana. Watu wengi wa kisiwa kilicholipia eropleni zake walikuwa wa rangi ambayo, hata vita vilipoanza, haikuruhusiwa kupata cheo cha afisa katika jeshi hilo.

SIKU YA KWANZA YA VITA

Kikosi hiki kilianzishwa mwezi wa Julai 1918 huko Italia, kikavunjwa mwaka uliofuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Kiliundwa upya mwaka 1936 katika uwanja wa Wyton, mashariki mwa Uingereza, na mwaka 1937 kikaanza kupewa eropleni za aina ya Blenheim. Blenheim ilikuwa na injini mbili na ilichukua watu watatu: rubani, mwongozi wa njia, ambaye pia ndiye aliyelenga mabomu, na mtu wa simu ya upepo, ambaye pia alikuwa mpiga bunduki. Ilipotokea mara ya kwanza watu waliistaajabia kwa mbio zake, walakini vita vilipoanza ilikuwa imekwisha kupitwa. Iliweza kwenda yapata maili 260 kwa saa, na eropleni za Kijerumani za kuwinda zilikwenda maili 350.

Tarehe 3 Septemba 1939, baada kidogo ya saa tano asubuhi, Waziri Mkuu Bwana Neville Chamberlain alitangaza katika redio kwamba Uingereza imeingia vitani na Ujerumani. Ilipofika saa sita mchana, Blenheim moja ya Kikosi cha 139 ilikuwa ikiondoka Wyton. Rubani wake alikuwa Bwana Andrew McPherson, na pamoja naye alikuwamo afisa wa jeshi la wanamaji aliyezijua vema sura za manowari. Walipanda hadi futi 24,000, wakavuka bahari mpaka karibu na bandari ya Wilhelmshaven, wakaziona manowari za Kijerumani wakazipiga picha. Walitaka kupeleka habari mara moja kwa simu ya upepo ili eropleni nyingine zije na mabomu, lakini baridi ya huko juu ilikuwa kali hata mtambo ukaganda. Habari iliyofika Uingereza haikufahamika, ikawapasa wairudishe wenyewe.

Hiyo ndiyo iliyokuwa eropleni ya kwanza ya Uingereza kuvuka pwani ya Ujerumani katika vita vile. Hapana mtu aliyeuawa katika safari ile, wala bomu lililotupwa. Bwana McPherson alipewa nishani kwa safari hiyo.

MADARAJA YA MAASTRICHT

Mwezi wa Desemba 1939 kikosi kilihamia Ufaransa, na kwa miezi mitano hakikupata vita vya maana. Kisha tarehe 10 Mei 1940 Wajerumani waliingia Uholanzi na Ubelgiji kwa ghafula. Karibu na mji wa Maastricht waliyateka madaraja, na vifaru vyao na malori yao yakawa yanavuka mfululizo kuelekea magharibi.

Asubuhi ya tarehe 12 Mei, Blenheim 9 za Kikosi cha 139 zilipelekwa kuushambulia msafara huo. Ulikuwa mchana mweupe, na eropleni za Kijerumani za kuwinda zilikuwa zikiilinda njia. Katika zile 9 zilirudi 2 tu. Saba ziliangushwa, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo Bwana McPherson, yule aliyekwenda Wilhelmshaven siku ya kwanza.

Msomaji atauliza ilikuwaje. Si kwa upungufu wa ushujaa. Mafundi wa mambo ya vita, kabla ya mwaka 1939, walikuwa wameamini kwamba eropleni za mabomu zikienda kwa kundi, kila moja ikiilinda mwenzake kwa bunduki zake, haziwezi kuzuiwa. Imani hiyo ilijaribiwa siku ile juu ya madaraja, na walioilipa ni vijana waliokuwa ndani ya eropleni. Kabla ya mwezi kwisha, waliosalia walirudishwa Uingereza karibu bila ya kitu mkononi.

FEDHA ZA JAMAICA

Sasa yatupasa tuvuke bahari kwenda Jamaica, kisiwa cha Bahari ya Karibi, umbali wa maili elfu kadhaa kutoka Uingereza. Wenyeji wake wengi ni wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, na kazi kubwa ya nchi siku zile ilikuwa mashamba ya miwa na ndizi. Mwaka 1938, yaani miaka miwili tu kabla ya habari tunayoisimulia, wafanya kazi wa shamba la sukari la Frome waligoma wakidai dola moja kwa siku, ambayo ni sawa na shilingi 4. Polisi walipiga bunduki, watu wakafa, na mgomo ukaenea kisiwa kizima.

Katika mwaka 1940, Wajerumani walipokuwa wakiishinda Ufaransa, gazeti la kisiwa hicho liitwalo Gleaner lilipeleka simu London kuuliza: eropleni moja ya mabomu yagharimu kiasi gani? Wizara iliyohusika na kuunda eropleni ilijibu: pauni 20,000. Gazeti likafungua mfuko wa michango, na muda si muda fedha hizo zikapelekwa.

Tupige hesabu kidogo. Pauni 20,000 ni shilingi 400,000. Ukiigawanya kwa ile shilingi 4 waliyoidai wagomaji wa Frome, utapata siku 100,000 za kazi ya mtu mmoja, nayo ni eropleni moja tu, ambayo yaweza kuanguka baharini katika safari yake ya kwanza. Michango haikukoma hapo. Iliendelea hata ikatosha kwa Blenheim nyingi zaidi, zikapelekwa katika Kikosi cha 139, na mwaka 1941 kikosi kikapewa rasmi jina la Jamaica. Nchi nyingine na miji mingi ziliuiga mfano huo, na katika Uingereza yenyewe vijiji vilifungua mifuko ya kununua eropleni.

Kuhusu vijana wa kisiwa, habari ilikuwa nyingine. Kanuni za jeshi kabla ya vita zilisema kwamba afisa sharti awe mtu wa asili ya Kizungu kwa baba na mama. Katika mwezi wa Oktoba 1939 serikali ilitangaza kwamba kizuizi hicho kimeondolewa kwa muda wa vita. Maneno hayo, kwa muda wa vita, yafaa kuangaliwa sana: hayakusema kwamba kanuni ilikuwa mbaya, yalisema tu kwamba watu wanahitajiwa. Hata hivyo vijana walikuja. Kutoka visiwa vya Karibi watu zaidi ya 5,000 walijiunga na Jeshi la Anga, wengi wao wakawa mafundi wa viwanjani, na mia kadhaa wakaruka katika eropleni.

SEREMALA KATIKA VITA

Mwaka 1941 kikosi kilitumia Blenheim kushambulia meli za adui katika Bahari ya Kaskazini, tena kwa muda katika Bahari ya Mediterania kutoka kisiwa cha Malta. Hasara ilikuwa kubwa kama ya kwanza. Mwisho wa mwaka kilipelekwa mashariki, na watu wake wakaingizwa katika kikosi kingine huko Burma; lakini mwaka 1942 kiliundwa tena Uingereza, na sasa kikapewa eropleni ya namna mpya kabisa.

Eropleni hiyo ni Mosquito, maana yake mbu, na ilitengenezwa kwa mbao. Bwana Geoffrey de Havilland na wahandisi wake waliwaza hivi: ikiwa bunduki haziiokoi eropleni ya mabomu, basi ziondolewe, na wapiga bunduki pia, na uzito wote huo, eropleni ibaki nyepesi, yenye injini mbili za nguvu, watu wawili, na mbio za kuwaacha adui nyuma. Wakubwa wengi walilicheka wazo hilo. Mosquito ya kwanza iliruka tarehe 25 Novemba 1940, na walipoipima waliacha kucheka, kwa kuwa ilikwenda karibu maili 400 kwa saa.

Mbao zilichaguliwa kwa sababu ya busara. Madini ya kutengeneza eropleni yalikuwa yakigombewa na kila kiwanda, bali maseremala, waliozoea kufanya meza na makabati, walikuwako wengi bila kazi ya vita. Ukuta wa Mosquito ulifanywa kwa mbao nyembamba sana, pande mbili, na katikati mti wa balsa, ambao ni mwepesi kupita miti mingi, ukaletwa kutoka Ecuador. Vyote vilishikwa kwa gundi. Kiwiliwili kilitengenezwa nusu mbili, kama maganda mawili ya njugu; waya na mabomba yakawekwa ndani, kisha nusu zikaunganishwa.

Tarehe 30 Januari 1943 Wajerumani walisherehekea mwaka wa kumi tangu Hitler kushika utawala. Wakubwa wao wawili walitangazwa kuwa watahutubia katika redio mjini Berlin, Goering saa tano asubuhi na Goebbels saa kumi jioni. Mpaka siku hiyo ilikuwa nadra sana eropleni ya Uingereza kuushambulia mji ule mchana. Saa tano kamili Mosquito 3 za Kikosi cha 105 zilitokea juu ya Berlin, na hotuba ya Goering ikacheleweshwa kwa muda wa saa nzima. Saa kumi zilifika 3 nyingine, za Kikosi cha 139. Safari hiyo adui alikuwa macho. Mosquito moja iliangushwa, na watu wake wawili wakafa.

Mabomu ya siku ile hayakuharibu mengi. Faida yake ilikuwa katika masikio ya wale waliokuwa wakisikiliza redio, kwa kuwa Goering ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani.

KAZI YA USIKU

Tangu Juni 1943 Kikosi cha 139 kiliingizwa katika kundi la Watangulizi, nalo ndilo lililokwenda mbele ya eropleni kubwa kuwaonyesha njia. Ili kufahamu kwa nini kundi hilo lilihitajiwa, ni lazima kujua siri moja iliyowaaibisha Waingereza. Katika mwaka 1941 picha zilizopigwa na eropleni za mabomu usiku zilichunguzwa, ikaonekana kwamba katika eropleni zilizodai kuwa zimelipiga shabaha, moja tu katika kila tatu ilikuwa imefika ndani ya maili tano ya mahali palipotakiwa. Nyingine zote zilikuwa zimepotea gizani, na mabomu yao yakaangukia mashamba, misitu, na nyumba za watu ambao hawakukusudiwa.

Kwa hiyo mtu wa maana katika Mosquito ya usiku alikuwa mwongozi wa njia. Aliketi kuume kwa rubani, nyuma yake kidogo, ubao wa ramani magotini, taa ndogo mkononi. Kazi yake ilikuwa hesabu. Upepo wa maili 60 kwa saa ukivuma ubavuni, eropleni husukumwa maili moja kila dakika, na upepo wa futi 25,000 si ule uliopimwa chini. Mitambo ilimsaidia. Mmoja ulipokea ishara kutoka vituo vya Uingereza, lakini Wajerumani waliuvuruga mara eropleni ilipovuka pwani ya Uholanzi. Mwingine, uliofungwa katika Mosquito za kikosi hiki mapema mwaka 1944, ni rada iliyotazama chini. Kwenye kioo chake maji yalionekana meusi na miji iling'aa, hata mto au ziwa likawa kama alama ya njia. Alipofika alitakiwa kuiangusha mianga ya rangi mahali penyewe, kwa dakika iliyoamriwa. Akikosea, wote waliomfuata nyuma walikosea pamoja naye.

Kazi nyingine ilikuwa ya hila. Mosquito chache zilikwenda mji mmoja zikimwaga vipande vya karatasi vilivyopakwa madini, ambavyo katika rada ya adui vilionekana kama mamia ya eropleni. Wajerumani walipeleka wawindaji wao huko, na kundi kubwa la mabomu likapita kwingine. Tena kulikuwa na usiku ambao Mosquito zilikwenda Berlin bila kundi lo lote nyuma yao, kusudi ving'ora vilie na watu wa mji wasipate usingizi. Kati ya Februari na Machi 1945, Mosquito za kundi hilo zilikwenda Berlin siku 36 mfululizo bila kukosa usiku hata mmoja. Wakati huo nyingine zilikwisha kutanuliwa tumbo ili kuchukua bomu moja la ratili 4,000, ambalo ni jambo la ajabu kwa kitu cha mbao na gundi.

MWONGOZI KUTOKA TRINIDAD

Katika waongozi wa njia wa Kikosi cha Jamaica alikuwako kijana wa Trinidad, Bwana Ulric Cross, mtu mweusi, aliyezaliwa mjini Port of Spain mwaka 1917. Nyumbani alikuwa amefanya kazi ya gazeti, kisha katika ofisi ya reli. Mwaka 1941 alikwenda Uingereza kwa hiari yake, na mwaka 1943 akaingia katika Kikosi cha 139.

Desturi ya Watangulizi ilikuwa kwamba mtu akitimiza safari 50 apewe mapumziko. Bwana Cross alipozitimiza alikataa kupumzika, akaendelea mpaka 80, na zaidi ya 20 katika hizo zilikuwa za Berlin. Safari moja walirudi na injini moja tu, wakatua katika uwanja usio wao, eropleni ikashindwa kusimama, ikapita mwisho wa uwanja na kuingia katika shimo la machimbo ya mawe. Walitoka wazima. Alipewa nishani mbili, D.F.C. na D.S.O., na akapanda hadi cheo cha Squadron Leader, juu ya Wazungu wengi waliokuja jeshini pamoja naye.

Twaweza kuuliza kwa nini mtu wa nchi iliyotawaliwa aliitoa roho yake mara 80 kwa ajili ya waliomtawala. Jibu moja li wazi. Hitler na watu wake walifundisha kwamba mtu mweusi ni kiumbe duni, na kama wangalishinda, mafundisho hayo yangalikuwa sheria katika nchi nyingi. Mtu aweza kuwa na madai yake juu ya serikali iliyopo, na bado akaona kwamba ile inayokuja ni mbaya zaidi. Askari wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliopigana Ethiopia na Burma walilijua jambo hilo pia, na wengi waliporudi hawakuyasahau madai yao.

GHARAMA

Haifai kusimulia mambo haya kama mashindano ya mbio. Katika watu wapatao 125,000 walioruka katika eropleni za mabomu za Uingereza, 55,573 walikufa. Mosquito zilipata hasara ndogo kuliko eropleni nyingine zote za mabomu, na hiyo ni sifa ya wale maseremala na wahandisi. Lakini chini, katika miji ya Ujerumani, raia waliouawa kwa mabomu walikuwa laki kadhaa, wanawake na watoto wakiwamo, na mianga ya rangi iliyoangushwa na Watangulizi ndiyo iliyoonyesha mahali pa kupiga. Baada ya vita watu wameendelea kubishana kama miji ilipaswa kuchomwa hivyo. Wako wasemao kwamba hapakuwa na njia nyingine ya kumfikia Hitler katika miaka ile. Wako wasemao kwamba mwaka 1945 vita vilikuwa vimekwisha kuamuliwa, na moto ungaliweza kuzuiwa. Sisi twaona kwamba hoja ya pili ina nguvu kwa miezi ya mwisho kuliko kwa miaka ya mwanzo.

Baada ya vita Kikosi cha 139 kiliendelea, kikabadilisha mbao kwa eropleni za jeti. Kilivunjwa mwaka 1959, kikaundwa tena mwaka 1962, mwaka ule ule Jamaica ilipopata uhuru, kikavunjwa kwa mara ya mwisho mwisho wa mwaka 1968.

Bwana Cross naye alisoma sheria mjini London, akaitwa kuwa wakili mwaka 1949. Baadaye alikuja Afrika, akafanya kazi ya sheria katika Ghana na Kamerun, na mwaka 1967 akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, mjini Dar es Salaam. Alikuwa kwenye kiti hicho mpaka mwaka 1971, aliporudi kwao Trinidad kuendelea na kazi hiyo hiyo ya ujaji. Hukumu alizozitoa Dar es Salaam zimo katika vitabu vya sheria vya Tanzania, chini ya jina la Jaji Cross. Alifariki tarehe 4 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 96.